Boksi la laki moja na themanini

Kila anayetaka kuanza biashara ya kupeleka mizigo kwa pikipiki huniuliza habari za pikipiki. Nichukue Boxer au TVS? Mpya au ya mkononi? Taslimu au mkataba? Sijawahi kuulizwa habari ya boksi hata mara moja. Basi leo naandika habari ya boksi, kwa sababu katika miezi ishirini na miwili ya kazi hii pikipiki yangu ni ile ile moja, ila maboksi nimetengenezesha mawili. La kwanza lilinitia hasara. La pili ndilo linalolipa ada za watoto.

Niseme kwanza mimi ni nani. Niliuza viatu dukani Kariakoo miaka sita, na pikipiki siendeshi. Hata nikipakiwa nyuma nafumba macho mpaka nifike. Anayeendesha ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye alikuwa na kijiwe Mbagala Rangi Tatu akiendesha pikipiki ya tajiri kwa hesabu ya elfu kumi kila siku. Mimi najua wenye maduka, yeye anajua njia. Mtaji wetu mwingine ulikuwa daftari la kurasa tisini na sita.

Pale dukani kuna kitu kilikuwa kinanikera kila siku. Mteja wa Kimara anaona viatu kwenye simu, anavipenda, jozi 35,000. Tunamwita boda, boda anataka 7,000. Mteja anaanza kulalamika, mara anaghairi. Nusu saa haijapita, duka la jirani linamwita boda mwingine apeleke mkoba Mbezi, njia hiyo hiyo ya Morogoro. Pikipiki mbili zinafuatana na kila moja ina kiroba kimoja juu ya tangi. Nikawa najiuliza, huyu mmoja angebeba vyote, si kila mteja angelipa 4,000 na bado dereva akapata zaidi? Ila boda wa kawaida vifurushi vinne vikishamjaa, kimoja kwenye tangi, kimoja katikati ya miguu, viwili amevifunga nyuma kwa mpira, hapo ndiyo mwisho wake.

Pikipiki nitaipitia haraka. Ni Boxer 150, injini ya silinda moja, tangi la lita 11. Nimeichagua kwa sababu moja tu, vipuri vyake vipo kila mtaa na fundi wa chini ya mwembe anaijua kama anavyoijua njia ya kwao. Ulaji wake wa mafuta nimeupima mwenyewe kwa njia ya kizamani: unajaza tangi hadi juu, unaandika namba ya kilomita, ukirudi kujaza unagawanya. Boksi likiwa tupu inanipa kilomita 43 kwa lita, likijaa 37. Oili shemeji anamwaga kila kilomita 1,500 na hilo hatubishani. Tairi la nyuma linakwisha mapema kuliko la mbele, na cheni na gia zake tumebadilisha seti nzima mara mbili. Nyota nne na nusu.

Mkataba hauna hata nyota moja. Dukani pikipiki ilikuwa 2,950,000 taslimu, nami sikuwa nazo. Nikaenda kwenye ofisi moja ya mikopo ambayo sitaitaja, nikatoa kianzio 400,000, kisha 75,000 kila wiki kwa wiki 56. Piga hesabu mwenyewe: 4,600,000. Yaani nilinunua pikipiki na nusu nikapewa moja. Sikulazimishwa, nilisaini kwa akili zangu, na bila wao ningekuwa bado nauza viatu. Kinachoniuma ni kile kifaa cha kufuatilia walichokifunga ndani. Jumatatu moja mtandao wa malipo uligoma, pesa yangu ikachelewa kuonekana kwao, na shemeji akiwa Tegeta na vifurushi tisa, akazima pikipiki ampe mteja mzigo. Kuiwasha tena ikagoma. Walikuwa wameifunga kutoka ofisini. Nilishika simu saa nne nzima, kila anayepokea ananiambia subiri. Ukisaini mkataba wa namna hiyo, lipa siku moja kabla, na picha ya muamala uwe nayo mkononi.

Sasa boksi.

La kwanza nilitengenezesha Gerezani kwa 140,000. Kosa lilikuwa langu, fundi alifanya nilichomwambia. Nilimwambia kubwa. Nilitaka kubwa kabisa, maana mawazo yangu yalikuwa ya duka, kwamba stoo ikiwa kubwa ndiyo biashara. Akanipa upana sentimita 70, kina 60, kimo 60, plaiwudi nene juu ya fremu ya chuma, nje bati, rangi nyeusi, na maandishi ya dhahabu ambayo niliyalipia pembeni. Lilipendeza hasa. Tulipolipeleka kwenye mizani ya muuza mchele likasoma kilo 31, na ndani halina hata soksi.

Shemeji alilizunguka akaniambia, “Shem, hili ni kabati.” Nikamwambia aache uvivu.

Uzito wote ulikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Mwenye pikipiki anajua maana yake: mbele kunakuwa kwepesi, usukani unacheza mkononi kama wa baiskeli ya mtoto, na ukipanda kilima cha Kimara umejaza mzigo unahisi gurudumu la mbele linataka kuaga ardhi. Shokapu za nyuma zililala ndani ya miezi miwili. Upana wa 70 ukamaliza faida yote ya kuwa na pikipiki, kwa sababu mtaa wa Msimbazi saa kumi jioni pikipiki inapita katikati ya daladala na kirikuu kwa nafasi ya kiganja, yetu ikawa inasubiri foleni pamoja na magari. Juu ya hayo boksi lilifunika taa ya nyuma. Trafiki akatusimamisha, na haki ilikuwa yake.

Rangi nyeusi sikuiwazia kabisa. Jua la Dar la mwezi wa pili likikaa juu ya bati jeusi, ndani kunakuwa tanuri. Tulipeleka mafuta ya nywele Mwenge, mteja akafungua kopo akakuta uji.

Lakini lililoniondolea ubishi ni mvua. Kifuniko kilikuwa kimekaa sawasawa na kuta, ukingo kwa ukingo, kama mlango wa kabati kweli. Masika ikaanza. Siku hiyo barabara ya Morogoro ilifungwa pale Jangwani kwa maji, kama kawaida yake, shemeji akazungukia Salenda, saa nzima ya mvua aliyokuwa hakuipanga. Ndani kulikuwa na gauni la sendofu la mteja wa Kimara, rangi ya maziwa, na sendofu ni kesho yake. Maji yalikuwa yanashuka pembezoni mwa kifuniko yanakusanyika chini, na chini ndipo gauni lilipowekwa. Sitaki kuikumbuka ile simu. Nililipa 85,000, nikaomba radhi kwa bibi harusi, kwa mama yake na kwa mwenye duka, na mwenye duka hajanipa kazi mpaka leo.

Kwa hiyo la pili sikwenda kichwakichwa. Nilikaa na shemeji jioni mbili, yeye akachora. Nikampelekea fundi yule yule, maana mkono wake wa kuchomelea ni mzuri, tatizo alikuwa na mteja asiyejua anachotaka.

Upana 50, kina 50, kimo 45. Plaiwudi nyembamba, nje aluminiamu isiyopakwa rangi, ing'ae irudishe jua. Kilo 13 kwenye mizani ile ile ya mchele. Boksi limesogezwa mbele, theluthi yake imekaa juu ya siti ya abiria, na keria imeongezwa vyuma viwili vya kushikilia chini ili uzito usininginie. Taa ya nyuma, indiketa na namba vyote vinaonekana, na pembe nne zina stika za kuakisi mwanga. Kifuniko kinavuka ukingo wa kuta kwa sentimita tatu na kushuka chini kama kifuniko cha sufuria, na ndani ya ukingo huo kuna mpira wa mlango wa gari, ule mweusi unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vipuri. Mpira huo ulinigharimu hela ya chipsi mayai, na tangu uwekwe hakuna kilicholoa. Tumepitisha masika nzima na vuli.

Ndani nimebandika vipande vya godoro la zamani kuta zote, kwa sababu kwenye barabara ya vumbi boksi tupu linapiga kelele kama ngoma na vitu vya vioo vinagongana. Katikati kuna ubao unaochomoka, unagawa boksi vyumba viwili. Kila kifurushi kinaandikwa namba kwa kalamu nene: anayefikiwa mwisho anaingia kwanza. Hili linaonekana jambo dogo mpaka umwone dereva amesimama Ubungo juani akitoa vifurushi vinane chini atafute cha tisa.

Kufuli ni la kawaida ila bawaba ziwe tatu, tena zichomelewe, zisifungwe kwa skrubu. Zamani kabla ya boksi lolote, shemeji alipanda ghorofa ya pili Manzese kumpa mteja mzigo, akashuka akakuta mpira wa kufungia upo na kifurushi hakipo.

180,000 jumla, na mpaka sasa limefanya kazi miezi kumi na minne. Bawaba moja imelegea, pembe moja imebonyea baada ya kuangushwa pikipiki ikiwa imepaki. Nyota tano.

Ila tuligombana. Boksi likishakaa juu ya siti, abiria hana pa kukaa. Shemeji ni mtu wa kijiweni. Kwake jioni ni saa ya kubeba abiria, watu wanatoka kazini, pesa ya haraka ya mkononi. Akaniomba boksi liwe la kufunguliwa, bolti nne, spana namba 13, dakika kumi. Nikakubali. Wiki ya kwanza alilifungua jioni. Wiki ya pili alilifungua saa nane mchana. Wiki ya tatu napita Kariakoo namwona kampakia abiria, na vifurushi vyangu viwili vya Tabata abiria kavishikilia mapajani! Sikupiga kelele. Nilirudi nyumbani, na tangu siku hiyo spana namba 13 inakaa kwenye kabati langu la vyombo. Jumapili ni yake, anakuja anaichukua, anafungua, anabeba abiria wake, usiku anafunga na kunirudishia. Kwa wanaotaka kuanza: boksi linalofunguka kirahisi litafunguliwa.

Sasa kwa nini nasema ni boksi linalolipa wakati kazi yote inafanywa na pikipiki? Angalieni ukurasa wa kawaida wa daftari langu wakati mkataba ulikuwa haujaisha. Mafuta kwa mizunguko miwili, asubuhi njia ya Morogoro hadi Mbezi na mchana njia ya Bagamoyo hadi Tegeta, kama lita tatu, 9,000. Shemeji 15,000 zake na chakula 3,000. Akiba ya matengenezo 4,000, hiyo haiguswi hata mtoto akiumwa. Mkataba, ile 75,000 ukiigawa kwa siku sita, 12,500. Jumla 43,500. Kifurushi kimoja namtoza mteja 4,000 kwa wastani. Kwa hiyo kifurushi cha kumi na moja ndicho kinachomaliza madeni ya siku. Cha kumi na mbili ndicho cha kwanza kilicho changu.

Bila boksi shemeji anabeba vinne kwa mzunguko, vinane kwa siku, na hapo tunamalizia siku tukiwa tumepungukiwa zaidi ya elfu kumi. Na lile kabati la kwanza? Lilikuwa na nafasi ya vifurushi kumi na tano, lakini kwa foleni na uzito lilikuwa linamaliza mzunguko mmoja tu kabla ya jua kuzama, na faida ikaishia kwenye shokapu na fidia. Hili dogo linabeba saba au vinane, mizunguko miwili, siku nzuri kumi na sita. Mkataba ulipoisha ile 12,500 ikabaki nyumbani na nikalala usingizi.

Kitu ambacho sikukitegemea ni namba ya simu ubavuni. Maandishi ya dhahabu niliyaacha. Safari hii ni namba kubwa nyeusi juu ya aluminiamu, pande zote mbili, basi. Maduka matatu ninayoyahudumia sasa yalinipata kwa kuisoma kwenye taa za Magomeni. Mmoja wao aliniambia, “Dada, nimeona boksi lako halina mbwembwe.” Sikujua nicheke au ninune.

Boksi halitibu kila kitu. Halimtibu mteja aliyeagiza kwa mbwembwe na kuzima simu mzigo ukifika. Biashara yetu ya mtandaoni imejengwa juu ya mzigo ukufikie ndiyo ulipe, kwa hiyo katika kila vifurushi kumi kimoja au viwili hurudi. Zamani nilikuwa nabeba hasara hiyo peke yangu. Sasa nimekubaliana na maduka: mzigo ukirudi, duka linanilipa nusu ya nauli. Mawili yalikataa, nikayaacha. Na pesa ya mzigo haipiti mfukoni mwa shemeji hata shilingi. Mteja analipa moja kwa moja kwenye lipa namba ya duka, duka linanipigia limeona, ndipo kifurushi kinatoka. Simtilii shaka ndugu yangu, lakini mtu akitembea na laki tatu za watu Manzese saa moja usiku, majaribu yanakuwa ya njiani kuliko ya moyoni.

Kuna jambo la karatasi ambalo bodaboda wengi hawalijui na mimi nililijua nimechelewa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndio wa leseni ya pikipiki inayofanya biashara. Lakini ukishajitangaza kuwa kazi yako ni kusafirisha vifurushi vya watu, umeingia kwenye huduma za posta na vifurushi, na hizo ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kuna leseni ya wanaofanya kazi ndani ya jiji moja, huhitaji ile ya nchi nzima. Nenda kaulize mapema, kabla hujaandika namba ya simu kwenye boksi.

Na njia ya mwendokasi ni marufuku. Namwandikia shemeji hapa kwa kuwa najua anasoma. Boksi limekufanya mrefu kwa nyuma na mzito kidogo kwenye kona, basi la mwendokasi halina pa kukukwepea. Dakika ishirini za foleni ya Manzese tutazilipia kwa kifurushi kimoja.

Mwezi ujao tunaongeza pikipiki ya pili, safari hii ya mkononi, taslimu, bila kifaa cha mtu ndani. Itachukua njia ya Kilwa hadi Mbagala, ambako mitaa ya ndani ni mchanga, kwa hiyo boksi tumelipunguza tena: upana 45, bawaba tatu, bolti zenye vichwa ambavyo spana namba 13 haiviwezi. Fundi kanitajia 210,000, anasema aluminiamu imepanda. Nimemwambia 190,000, na mpira wa mlango nakuja nao mwenyewe.